Nusu jumlisha theluthi, na walimu saba wa kuuliza

Mwaka jana mwezi wa tatu nilipiga picha daftari la mtoto wa darasa la tano nikalituma kwa walimu wenzangu saba kwenye grupu letu dogo la WhatsApp, ilikuwa jioni, nimesimama chini ya mwembe ulio nyuma ya zahanati maana hapo ndo netiwaki inapokaa kijijini kwetu. Kwenye daftari swali lilikuwa moja tu, nusu jumlisha theluthi, na mtoto kaandika mbili ya tano. 1/2 + 1/3 = 2/5. Kajumlisha juu kwa juu, chini kwa chini. Na sio yeye peke yake, darasa lina watoto 94 na zaidi ya nusu waliandika hivohivo, wakati mi hiyo mada nimeshaifundisha wiki mbili nzima, KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, nimeeleza, mifano nimejaza ubao mpaka chaki zikaisha, ukiwaambia warudie kwa sauti wanarudia vizuri kabisa, ukiwapa swali wafanye wenyewe wanarudi kulekule.

Nikaandika tu "Walimu, nimekwama hapa, wengi wamekosa hivihivi, nifanyeje?" nikatuma, nikarudi nyumbani kupika.

Asubuhi kabla ya kwenda shule nikapitia tena mwembeni nikakuta majibu yanaingia. La kwanza lilikuwa la Madam mmoja yuko Urambo, tulisoma wote Chuo cha Ualimu Kasulu, na halikuwa jibu, lilikuwa swali: "Madam, huyo mtoto umemuuliza mbili ya tano na nusu ipi kubwa?" Sijamuuliza. Miaka yote nafundisha sehemu sijawahi kumuuliza mtoto yeyote swali hilo. Chini yake mwalimu wa Kakonko kaweka voisi ya sekunde arobaini na picha moja, kakata tepe za karatasi zenye urefu wa rula, sentimita 30, anasema 30 inagawanyika kwa mbili, kwa tatu, kwa tano na kwa sita bila kubaki kitu kwahiyo watoto hawahangaiki na desimali, we wape rula wapime wenyewe.

Ofisini kulikuwa na kalenda za zamani, nikazikata tepe, kila dawati moja. Pima nusu, sentimita 15, paka rangi. Pima theluthi, sentimita 10, paka rangi nyingine. Ukiunganisha umepaka 25. Sasa gawa tepe yote vyumba sita vya sentimita tano tano, hesabu vyenye rangi, vitano, yaani tano ya sita. Halafu nikawapa tepe ya pili nikasema hii igaweni vyumba vitano, chukueni viwili, ni sentimita ngapi? 12. Haya iwekeni juu ya ile nusu mliyopima mwanzo.

12 juu ya 15.

Nikawauliza, tulianza na nusu, tukaongeza kitu, imekuwaje ikapungua? Darasa likawa kimya, kimya kabisa, mpaka unasikia injini ya mtumbwi ziwani, alafu mtoto mmoja wa dawati la nyuma, ambaye hata kunyoosha mkono huwa hanyooshi, akasema "Madam, tulijumlisha vibaya." Basi. Wiki mbili za KDS hazikufika pale ilipofika tepe ya kalenda ndani ya kipindi kimoja, na KDS nilipoirudia siku iliyofuata ndo wakaielewa inatafutwa kwa sababu gani.

Nimeanza na hiki kisa maana kila nikiongea na walimu wenzangu habari ya kujifunza kupitia mtandao naona tunafikiria vitu tofauti kabisa. Wengi tukisema grupu la walimu tunawaza lile kubwa lenye watu mia tano, mia nane, mengine yamejaa mpaka mwisho wa WhatsApp yaani watu 1,024. Mi nipo kwenye magrupu ya aina hiyo manne. Kwenye moja nina miaka minne na sijawahi kuuliza swali hata moja la darasani kwangu, na nikiangalia nyuma karibu wote hawajawahi kuuliza. Kinachopita humo ni habari njema asubuhi, tangazo la uhamisho wa kubadilishana, mtu anauza maandalio ya somo, pdf za mitihani ya majaribio, fununu za kupanda madaraja, na pole za misiba. Sisemi vina ubaya, kubadilishana kituo ni jambo kubwa kwenye maisha ya mwalimu na pole ni utu. Ila hakuna anayejifunza kufundisha pale. Na sababu naijua kwa sababu ipo kifuani kwangu, huwezi kuandika "nimekwama" mbele ya watu 800 usiowajua, humo kuna Afisaelimu Kata, kuna mwalimu mkuu wako, kuna mtu anayeweza kupiga skrinishoti akaipeleka unakojua wewe. Utaonekana hujui kazi.

Kwahiyo ninachoamini mi ni hiki, mtandao wa walimu unasimama pale mwalimu anapoweza kuonyesha daftari la mtoto aliyekosa bila kuogopa. Hayo mengine yote, mara Telegram mara Zoom mara sijui nini, ni vyombo tu.

La kwetu lilianza hivi. Tulikuwa kwenye mafunzo ya klasta ya MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, walimu wa shule kadhaa tumekusanywa, na kama kawaida likaundwa grupu la kutumiana ratiba na majina. Mafunzo yakaisha, grupu likafa ndani ya wiki mbili. Ila kwenye yale mafunzo kulikuwa na walimu watatu ambao mapumziko ya chai hawakuacha kuongelea watoto wao, mmoja anahangaika na darasa la pili ambao nyumbani ni Kiha tu na Kiswahili wanakutana nacho shuleni, anawafundisha herufi dh na th na wao wanasema zahabu na semanini, anauliza hivi nimsahihishe matamshi kwanza au nimwache asome maneno aelewe matamshi yaje baadae? Lile swali lilinikaa. Nikawafuata watatu hao mmoja mmoja kwa simu, sikutuma linki, nilipiga. Nikaongeza Madam wa Urambo niliyesoma naye, yeye akamleta mwalimu wa Kakonko na wenzake wengine wawili. Tukawa nane ukinihesabu na mimi. Leo tuko 31, Kigoma na Tabora, na kila aliyeingia kaletwa na mtu anayemfahamu.

Kwenye hao 31 yupo mzee mmoja wa Sikonge, baba mdogo wake Madam wa Urambo, kastaafu. Huyu ni wale tuliozoea kuwaita walimu wa UPE, ule mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kila mtoto aingie shule, walimu hawatoshi, vyuo havitoshi, ikabidi maelfu ya vijana wafundishwe ualimu wakiwa huko huko vijijini, wanafundisha huku wanajifunza, kwa redio na kwa masomo ya posta. Yeye alikuwa kijana wa miaka kumi na nane. Siku moja kulitokea ubishi humo, mtu anasema kujifunza kwa simu sio kujifunza, lazima semina, mzee akaweka voisi taratibu na ile lafudhi yake ya Kinyamwezi, akasema, "Wanangu, mimi nilifundishwa ualimu na redio. Redio ilikuwa haisikii nikiuliza. Nyie mna kitu kinachosikia, mnabishana nini?" Sijui niseme nini zaidi ya hapo. Tunamwita Mzee na akiandika kitu watu wanasoma.

Kwenye masomo yangu ya Chuo Kikuu Huria nilikutana na kazi ya watafiti wawili, Jean Lave na Etienne Wenger, ambao mwaka 1991 walieleza jinsi watu wanavyojifunza kazi kwa kuwa ndani ya kundi la wanaoifanya. Sehemu ya mambo yao ilitokana na mafundi cherehani wa Liberia ambao Lave alikaa nao. Kijana anayejifunza pale haanzi na kukata kitambaa, maana akikosea kitambaa kimeharibika, anaanza na vifungo na kukunja pindo, nguo iliyokwisha kushonwa, yuko pembeni lakini yuko kazini na macho yake yanaona kila kitu, kukata kunakuja mwishoni. Hili lilinisaidia sana kwenye grupu. Mwanzoni nilikuwa naumia nikiona mtu kaingia mwezi mzima hajaandika neno, nikawa nataka kumwondoa. Sasa hivi namwacha. Naye yuko kwenye vifungo. Kuna mwalimu wa Kaliua alikaa kimya miezi mitano, siku ya kwanza kuongea alituma picha za kazi aliyofanya na watoto kwa kutumia mambo tuliyoongea miezi mitatu nyuma, kumbe alikuwa anasoma kila kitu.

Sasa habari ya muda. Tuliposikia kwamba walimu wa Marekani walianzisha mjadala wa kila Jumanne kule Twitter mwaka 2009, wameuanzisha Steven Anderson, Tom Whitby na Shelly Terrell, kila wiki mada moja inayopigiwa kura na saa maalum, tukasema na sisi tufanye, Alhamisi saa mbili usiku. Wiki tatu za kwanza nilifurahi, meseji zinapishana kama mvua. Wiki ya nne nikahesabu waliochangia nikakuta ni wanaume watupu ukiniondoa mimi, na mimi mwenyewe nilichangia kwa kuwa nilipika mapema. Saa mbili usiku mwalimu wa kike yuko jikoni, ana mtoto mgongoni, ana madaftari ya kusahihisha, na wengine kutoka nje usiku kwenda kutafuta netiwaki mlimani sio salama. Hakuna aliyelalamika, walikuwa tu hawapo. Hapo ndo tukabadilisha, swali linawekwa Alhamisi jioni lakini linabaki wazi mpaka Jumapili, kila mtu anajibu anapopata nafasi yake, na Jumapili usiku mtu wa zamu anakusanya majibu yote kwenye ujumbe mmoja. Mjadala umepungua kasi na umekuwa mzuri zaidi maana mtu anajaribu kwanza darasani Ijumaa ndo anakuja kusema. Nawashauri sana wanaoanza, angalieni nani hayupo.

Ule ujumbe wa Jumapili ndo moyo wa kazi yote kwa kweli. Meseji za WhatsApp zinazama, wiki mbili tu huoni tena kilichosemwa, na mwalimu anayekuja mwakani na swali la sehemu hawezi kupekua meseji elfu nne. Kwahiyo zile za Jumapili tunazihifadhi Telegram, tumefungua chaneli yetu ndogo, huko haziandikwi salamu, ni swali, picha ya daftari, tulichojaribu, kilichotokea. Hata kisichofanya kazi kinaandikwa. Mpaka sasa zipo hamsini na kitu. Zamu inazunguka kwa watu wanne wanne kila muhula, maana kipindi nilichofanya peke yangu niliugua wiki mbili na grupu zima likalala.

Bando lazima niliongelee maana ndo linaloamua nani anajifunza na nani hajifunzi. Mwalimu wa mwambao huku kwetu Uvinza vocha ananunua kwa bei ya mbali na netiwaki yenyewe anaipandia kilima. Tumekubaliana video hakuna, isipokuwa kwa sababu maalum na iwe fupi. Picha ya daftari ikipita WhatsApp inabanwa inakuwa nyepesi, voisi ya dakika moja haifiki hata nusu MB, na kwa vitu viwili hivo unaweza kufundishana karibu kila kitu. Kila mgeni akiingia jambo la kwanza anaelekezwa namna ya kuzima ile ya simu kujipakulia picha na video zenyewe, kuna mwalimu alitushukuru kwa hilo kuliko mada zote. Vitabu na mihtasari tunavichukua kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, TET, vipo bure, lakini hakuna haja ya kila mtu kuvipakua kwa bando lake, anayeshuka Kigoma mjini anapakua mzigo wote, akirudi tunarushiana kwa bluutuu kwenye vile vishikwambi tulivyopewa baada ya Sensa ya 2022. Mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024 na Awali, la kwanza, la tatu na kidato cha kwanza mkondo wa amali, kuna shule walisubiri vitabu vya karatasi huku mwalimu hajui hata mada ya kwanza ni ipi, sisi muhtasari ulikuwa umeshatembea na boti mpaka kusini mwa ziwa kwenye kishikwambi cha mtu mmoja.

Na wapo wasio na simu janja. Shuleni kwangu tuko tisa, wawili wana kitochi. Hawa sikuwa nimewafikiria mpaka mmoja akaniuliza kwa upole, "Madam, hivi huko kwenye simu mnaongea nini?" Aisee nilijisikia vibaya. Sasa hivi Jumatatu nanakili ule ujumbe wa Jumapili kwenye kaunta buku iliyo mezani ofisini, kwa mkono, nusu saa inatosha. Wanausoma, na wakiwa na swali wanaliandika humo na mi nalipeleka. Swali bora la mwaka huu lilitoka kwa mwenye kitochi.

Jambo jingine tulilojaribu, na hili nalipenda, ni kusikilizana tukifundisha. Walimu wa Japani zaidi ya miaka mia wana utaratibu wa kuandaa somo pamoja, mmoja analifundisha, wenzake wanakaa darasani wanaangalia watoto wanavyoelewa, kisha wanalijadili na kulirekebisha. Sisi shule zetu zimeachana kwa kilomita mia na kuendelea, wengine kati yetu kuna ziwa. Video ya kipindi cha dakika 40 hakuna wa kuibeba. Mwalimu wa Kakonko akasema basi narekodi sauti dakika kumi tu, na napiga picha ubao. Tukasikiliza. Mzee wa Sikonge akatuambia hebu hesabuni, akiuliza swali anasubiri muda gani kabla ya kumchagua mtu au kujibu mwenyewe? Tukahesabu kila mtu kwake. Sekunde moja. Mara nyingine hata haifiki. Kumbe Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, aliyapima haya haya miaka ya 1970 akakuta walimu kwa kawaida wanangoja kama sekunde moja tu, na wakijizuia wakangoja sekunde tatu majibu yanarefuka, watoto wengi zaidi wanajitokeza, na wale wa "sijui" wanapungua.

Sekunde tatu ukiwa mbele ya watoto 94 ni ndefu jamani. Jaribu. Unahisi darasa linakuponyoka. Nilikuwa nahesabu kimoyomoyo moja, mbili, tatu, huku vidole vimebana chaki. Wiki ya kwanza sikuona kitu, wiki ya pili mikono ilianza kunyooshwa pale ambapo huwa hakuna mikono, kule nyuma, wasichana wawili. Na mwalimu wa Kakonko aliyejirekodi ndo namheshimu zaidi maana alitupa kipindi chake tukisikilize na makosa yake yote, baada ya hapo watu kumi wakajirekodi. Akianza mmoja wengine wanapata ujasiri. Nadhani aliyeanzisha kundi ndo anatakiwa awe wa kwanza kuonyesha alipokwama, ukianza kwa kuonyesha ulipofaulu watu wote watakuonyesha walipofaulu na hapo hamtajifunza kitu.

Kuna jambo zito kidogo. Kwenye grupu jingine kubwa, sio letu, mwalimu aliweka picha ya mtoto kashika daftari, sura inaonekana, jina linasomeka, kwa ajili ya watu kucheka majibu. Wakacheka, wengi. Ile picha ikatembea mpaka ikamfikia mzazi. Yule mtoto aliacha kuja shule wiki mbili. Mi nilikuwepo humo siku ile na sikusema neno, na hilo bado linaniuma. Kwetu hairuhusiwi sura, hairuhusiwi jina, kabla ya kupiga picha unafunika jina kwa kidole au karatasi, na hatutaji shule. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na taarifa za mtoto zimo, lakini hata isingekuwepo, daftari ni la mtoto, katuazima tujifunze. Anayekejeli kosa la mtoto anaambiwa faragha mara moja. Mara ya pili anatoka. Ametoka mmoja mpaka sasa.

Viongozi hatujawaweka, na nimeulizwa sana kwanini. Afisaelimu wetu wa Kata ni mtu mwema na anajua kundi lipo, nilimwendea mwenyewe nikamweleza. Nikamwambia, Mkuu, ukiwa humo watu wataandika wanachodhani unataka kusoma. Alifikiri kidogo akasema sawa, ila mniletee mnachopata. Basi kila mwisho wa mwezi nampelekea zile jumbe nne za Jumapili, hazina majina, na mara mbili amezitumia kwenye vikao vya jumuiya za ujifunzaji za klasta, ile ya tepe za kalenda ilifanyiwa mazoezi na walimu wa kata nzima. Hivo ndo naona mambo haya yanatakiwa kushikana, MEWAKA ina vikao vya shuleni, ina klasta, ina masomo ya mtandaoni ya TET unayosoma mwenyewe, na hapo katikati mwalimu anahitaji watu wa kuuliza Jumanne jioni mambo yanapokwama, hawezi kusubiri kikao.

Mpaka 31 tumesimama kwa makusudi. Wanaotaka kuingia ni wengi na kukataa mtu ni kugumu, hasa anapokuwa ndugu au mliyesoma naye. Tunachofanya tunawasaidia waanzishe la kwao, mmoja wetu anakaa nao mwezi wa kwanza akiwaonyesha namna ya kuuliza swali lenye picha, kisha anatoka. Limeshazaliwa moja Nzega na moja Kibondo la walimu wa Awali. Tunapeana jumbe za Jumapili, basi, hatuunganishi watu. La Kibondo limetushinda kwa mbali, wana walimu wanaotengeneza zana kwa vifuniko vya chupa na mabua, kila wiki kitu kipya, na kila nikisoma zao natamani ningekuwa nafundisha Awali.

Wiki hii swali ni langu tena. 612 gawanya kwa 6, watoto 41 kati ya 94 wameandika 12. Sifuri wameiruka. Sita kwa sita mara moja, moja kwa sita haiendi, wanashusha mbili, kumi na mbili kwa sita mara mbili, wanaandika 12 na wanaridhika. Safari hii kabla ya kutuma nimeshamuuliza mmoja, sita mara kumi na mbili ni ngapi? Kapiga hesabu pembeni, kapata 72, kaangalia 612, kaniangalia mimi, kafuta. Hajaandika kitu kingine, kafuta tu akabaki anatazama. Nimepiga picha ile sehemu iliyofutwa, jina nimelifunika, jua likishuka nakwenda mwembeni kuituma.